BARAZA LA MWALIMU: Timu ni ya Nani, na Deni ni la Nani?



Ndugu wasomaji, mwezi huu napenda tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa juu juu ni la vijana na wapenzi wa michezo peke yao, kumbe linamgusa kila mwenye kwenda dukani kununua mfuko wa mchele. Nalo ni hili la fedha za umma kutumika kujengea viwanja vya timu za watu binafsi.

Sisi tunaoishi Kansas City, wa upande wa Missouri na wa upande wa Kansas, tumelisikia jambo hili kwa muda mrefu. Watoto wetu wanavaa fulana nyekundu za Chiefs na kuhesabu vikombe ambavyo timu imetwaa. Wazee nao wanauliza swali la haki kabisa: mwenye timu ana mabilioni, basi kwa nini anakuja kuomba senti za mtu anayepakia mizigo ghalani usiku kucha? Swali hili lataka jibu la utulivu, kwani kila upande una hoja zake, na kwani uamuzi unaopitishwa leo utalipiwa na watoto ambao bado wako madarasa ya chini.

Kwanza tuelewane juu ya kiwanja chenyewe. Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo kiwanja kikubwa ni cha serikali. Uwanja wa Amaan kule Zanzibar, Kasarani ya Nairobi na Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam ni mali ya taifa. Leo watu wanatazama mpira, kesho panafanywa sherehe ya nchi. Kwa hiyo mtu wetu akisikia kwamba serikali inajenga kiwanja, haoni ajabu. Huku Marekani mambo yamechanganyika. Jengo aghalabu huandikwa kwa jina la kaunti au mamlaka ya umma, lakini timu ni mali ya familia moja au ya matajiri wachache, nao ndio wanaovuna sehemu kubwa ya mapato ya tiketi, vyakula, maegesho na matangazo. Umma unabaki na jengo na gharama zake, na mwenye timu anabaki na biashara. Zaidi ya hayo timu ina miguu, yaani mkataba ukiisha inaweza kuhamia mji mwingine, ilhali jengo haliwezi kuhama.

Hapa kwetu viwanja viwili vikubwa, Arrowhead kilichofunguliwa mwaka 1972 na Kauffman kilichofunguliwa mwaka 1973, ni mali ya Kaunti ya Jackson. Mwaka 2006 wapiga kura wa kaunti hiyo walikubali kodi ya mauzo ya thumuni tatu (3/8) za senti kwa kila dola ili vikarabatiwe, kodi ambayo muda wake ni hadi 2031. Kisha tarehe 2 Aprili 2024 wakaombwa waiondoe kodi hiyo na kuweka nyingine ya kiasi kile kile kwa miaka 40. Timu ya besiboli ya Royals ilitaka kuacha Kauffman na kujenga kiwanja kipya katikati ya mji. Chiefs walitaka kuikarabati Arrowhead.

Thumuni tatu za senti ni kitu gani? Tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Ukinunua vitu vya dola 100, kodi hii ni senti 37 na nusu. Familia inayonunua vitu vya dola 10,000 kwa mwaka inalipa dola 37 na senti 50, na kwa miaka 40 inalipa dola 1,500. Nyumba moja haiuhisi mzigo huo kwa siku moja, lakini haba na haba hujaza kibaba: kwa kaunti nzima ilikisiwa kwamba zingekusanywa takriban dola bilioni 2 katika muda huo.

Iko sifa nyingine ya kodi ya mauzo ambayo ni vyema tuifahamu. Kodi hii haimwulizi mtu kipato chake. Tajiri anapata fedha nyingi, anatumia sehemu ndogo dukani na nyingine anaiweka akiba. Mtu wa kipato cha chini, mshahara wake wote huishia dukani, kwenye unga, mafuta, nepi na viatu vya shule. Kwa hiyo, ukipima kwa mizani ya kipato, mzigo wa kodi hii ni mzito zaidi kwa maskini kuliko kwa tajiri. Tena inamlipisha hata mgeni aliyefika mwezi uliopita, ambaye hana haki ya kupiga kura na ambaye pengine hataingia katika kiwanja hicho maisha yake yote kwa ughali wa tiketi.

Wapiga kura walijibu nini? Takriban asilimia 58 walikataa. Na walikataa wakati ambapo Chiefs walikuwa wametwaa ubingwa wa Super Bowl mwezi Februari mwaka ule ule, yaani haikutimia miezi miwili tangu mji mzima uvae nyekundu. Jambo hili linatufundisha kwamba mtu anaweza kuipenda timu kwa moyo wake wote na bado akaukataa mkataba.

Mfano ulio wazi zaidi wa hayo ni Frank White. Mzee huyu akiwa kijana alifanya kazi katika ujenzi wa kiwanja kinachoitwa leo Kauffman. Baadaye akaichezea Royals hapo hapo kwa miaka mingi, akawa miongoni mwa waliotwaa ubingwa wa 1985, na sanamu yake imesimamishwa uwanjani. Lakini mwaka 2024 alipokuwa mtendaji mkuu wa Kaunti ya Jackson, aliupinga mpango huu, na mwezi Januari akatumia kura yake ya turufu kuuzuia usiende kwa wananchi. Madiwani wa kaunti walimshinda, na kura ikapigwa. Hoja yake ilikuwa kwamba sharti zilizowekwa mezani hazikuwa na manufaa ya kutosha kwa mlipa kodi. Hapana mtu angeweza kumwambia kwamba haipendi besiboli.

Sasa tuwatendee haki wanaounga mkono. Wanasema kwamba timu huleta wageni, hujaza hoteli na mikahawa, huajiri watu na kuufanya mji ujulikane. Wanasema pia kwamba mji ukipoteza timu hupoteza kitu kisichopimika kwa fedha, nacho ni ile furaha ya watu wa rangi zote na dini zote kukaa pamoja wakishangilia jambo moja. Hoja hii ya mwisho naiheshimu. Mtoto wetu aliyefika hapa bila kujua neno la Kiingereza, pengine rafiki yake wa kwanza shuleni alimpata kwa kuzungumza habari za Chiefs. Faida hiyo ni ya kweli, na mji una haki ya kuinunua ukitaka. Ila wajibu wa anayenunua ni kujua bei.

Ama hoja ya uchumi, hiyo haikusimama vizuri ilipopimwa. Mwaka 1997 taasisi ya Brookings ilichapisha kitabu kuhusu michezo, ajira na kodi, kilichohaririwa na wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist. Walichunguza viwanja vya miji mbalimbali na kuona kwamba havikuwa vimeurudishia umma faida inayolingana na fedha zilizotumika. Wachumi wengi waliokuja baada yao wamefikia rai hiyo hiyo. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Familia iliyotenga dola 200 za matembezi kwa mwezi, ikizitumia kiwanjani, haizitumii tena kwenye mkahawa wa mtaani au duka la jirani. Fedha imehama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya mji ule ule. Isitoshe, sehemu kubwa ya mapato huwalipa wachezaji na wamiliki ambao huenda wanaishi kwingine. Na kiwanja cha mpira wa Kimarekani huwa na mechi za kawaida za nyumbani 8 au 9 tu katika msimu mmoja. Siku nyingi za mwaka malango yake yamefungwa.

Upo pia mchango usioonekana kwa macho. Miji hukopa kwa kuuza hati fungani, na nyingi ya hati hizo hazitozwi kodi ya mapato na serikali kuu. Wachunguzi wa Brookings walieleza mwaka 2016 kwamba kati ya viwanja 45 vilivyojengwa au kufanyiwa ukarabati mkubwa tangu mwaka 2000, viwanja 36 vilitumia hati za namna hii, na hazina ya taifa ikakosa dola bilioni 3.2. Maana yake ni kwamba ndugu yetu aliyeko Maine, ambaye hajafika Missouri, naye amechangia bila kuulizwa.

Deni lina tabia ya kuishi zaidi ya furaha iliyolileta. Watu wa St. Louis, mji wa jimbo letu hili la Missouri, wanalijua hilo. Walijenga kiwanja chenye paa kilichofunguliwa mwaka 1995 ili kuwavutia Rams wahame kutoka Los Angeles. Katika mkataba kuliwekwa sharti kwamba kiwanja kibaki miongoni mwa robo ya juu ya viwanja bora vya ligi. Baada ya miaka kupita sharti hilo likashindikana, na kifungu kile kikawa mlango wa timu kutokea. Januari 2016 ligi iliwaruhusu Rams kurudi Los Angeles, na deni la kiwanja likaendelea kulipwa. Ni kweli kwamba mwaka 2021 walalamikiwa, yaani ligi na wenye timu, walikubali kulipa dola milioni 790 kumaliza kesi, lakini malipo hayo yalipatikana kwa kwenda mahakamani. Mkataba wenyewe haukuwalinda wananchi.

Kule Seattle kiwanja cha Kingdome kilifunguliwa mwaka 1976, na tarehe 26 Machi 2000 kikabomolewa kwa baruti mbele ya watazamaji. Deni lake lililobaki halikumalizika mpaka mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa siku kile kifusi kilipoanguka alikuwa na umri wa miaka 15 wakati wazazi wake walipomaliza kulipia jengo ambalo yeye hakupata kuliona.

Turudi nyumbani, kwani baada ya kura ya 2024 mambo hayakuishia pale. Wengi wenu mnaijua barabara ya State Line, ambayo upande mmoja ni Missouri na upande wa pili ni Kansas, na wengi wetu tunavuka mpaka huo kila siku kwenda kazini. Kwa miaka mingi majimbo haya mawili yalikuwa yakinyang'anyana makampuni kwa kuyapa misamaha ya kodi ili yahame maili chache tu. Mwaka 2019 magavana wa pande zote walikubaliana kuweka silaha chini, kwa kuwa walitambua kwamba wanapoteza fedha na ajira mpya hazipatikani.

Viwanja vikayarudisha mashindano yale. Juni 2024, miezi miwili na kitu baada ya kura, Bunge la Kansas lilipitisha sheria ya kuruhusu hati fungani ziitwazo STAR zigharimie hadi asilimia 70 ya kiwanja kipya cha timu itakayovuka mpaka. Juni 2025 Missouri ikajibu kwa sheria yake ya kulipia hadi nusu ya gharama. Desemba 2025 Chiefs wakatangaza kwamba watahamia Kansas, katika Kaunti ya Wyandotte, kwenye kiwanja chenye paa kitakachogharimu takriban dola bilioni 3, wakitarajia kuanza kukitumia mwaka 2031. Uamuzi wa jimbo ulipitishwa na kamati ya viongozi wa Bunge. Wakazi hawakupigishwa kura. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, na hapa nyasi ni mwananchi wa pande zote mbili.

Hizi hati za STAR zafaa zielezwe, maana zimewachanganya wengi. Jimbo huweka mipaka ya eneo fulani, kisha kodi ya mauzo inayoongezeka ndani ya eneo hilo hutumiwa kuwalipa walionunua hati, badala ya kuingia hazina. Watetezi wanasema hakuna kodi mpya, na kwamba mauzo yakiwa haba hasara ni ya mnunuzi wa hati, si ya jimbo. Wanataja mfano wa Village West, lile eneo la maduka lililozunguka Kansas Speedway, ambako hati zililipwa kabla ya muda wake. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini wakaguzi wa Bunge la Kansas waliripoti mwaka 2021 kwamba miradi mingi ya namna hii haikufikia lengo la kuleta wageni kutoka mbali. Na kodi ambayo haikuingia hazina kwa sababu imelipia kiwanja, haitalipia barabara wala shule. Usipoitoa mfukoni leo, utaikosa katika huduma kesho.

Je, hakuna njia iliyo bora? Upo mfano wa Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin. Timu ya Packers haina tajiri mmoja anayeimiliki. Tangu mwaka 1923 ni mali ya wanahisa wengi wa kawaida, na haiwezi kuuzwa ikahamishwa. Hata hivyo walipotaka kukarabati kiwanja, mwaka 2000 waliwaomba wakazi wa Kaunti ya Brown kodi ya nusu senti. Wakazi walikubali kwa kura chache zilizozidi, na deni lilipolipika kodi hiyo ikasimamishwa mwaka 2015. Kanuni za ligi leo haziruhusu timu nyingine kumilikiwa hivyo, lakini somo lake linabaki: walilipa kwa kura yao, kwa muda uliojulikana, kwa timu ambayo walikuwa na yakini kwamba haitawakimbia.

Kutokana na mifano hii napendekeza kila mmoja wetu akumbuke maswali matatu, na ayaulize kila mradi wa aina hii utakapoletwa. La kwanza, nani analipa, na kwa kodi ya namna gani? La pili, nani anapata mapato, na je, umma una fungu lolote ndani yake? La tatu, timu ikiondoka kabla ya deni kwisha, nani anabaki nalo, na ni kifungu gani cha mkataba kinachosema hivyo? Kiongozi akishindwa kuyajibu kwa maneno mepesi, basi anatuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika jambo kama hili. Mali ya umma ni amana, na ahadi ni deni. Husimuliwa habari za Khalifa Umar bin Abdul Aziz kwamba usiku mmoja alikuwa akishughulikia mambo ya Waislamu kwa mwanga wa taa iliyowashwa kwa mafuta ya hazina. Mgeni wake alipogeukia mazungumzo ya nyumbani na ya nafsi yake, akaizima taa ile na kuagiza iletwe ya kwake mwenyewe. Hakuna aliyesema kuwa mazungumzo ya nyumbani ni haramu. Alichopambanua ni mafuta ya nani yanaunguzwa kwa shughuli ya nani. Kipimo hicho ndicho tunachokihitaji. Mchezo ni halali yake, biashara ni halali yake. Tunachouliza ni taa ya umma inamwangazia nani. Ama suala la riba iliyomo ndani ya hati fungani, hilo nawaachia mashekhe wetu, nao wana haki zaidi ya kulizungumza.

Sasa tufanye nini? Aliye raia ajiandikishe na apige kura, hasa hizi kura ndogo za mwezi Aprili na Agosti ambazo wengi huzipuuza. Kura ya kiwanja ilikuwa mojawapo. Asiye raia asijiandikishe kamwe, hata akishawishiwa na mtu wa karatasi mlangoni, kwani ni kosa la sheria na laweza kumwondolea haki ya kukaa nchini. Lakini asiye raia naye ana mdomo: vikao vya baraza la mji na vya kaunti viko wazi, anaweza kuhudhuria, kuomba nafasi ya kusema, na kumwandikia mwakilishi wake barua. Asiyejua Kiingereza amchukue mwanawe au binti yake wa sekondari amfasirie. Kijana huyo atajifunza hapo mambo ya uraia kuliko kwenye kitabu.

Na nyinyi vijana, msidhani mzee huyu anawakataza fulana zenu. Shangilieni timu yenu kwa adabu, mkichunga nyakati za sala. Ila siku mtakapokaa mezani na baba zenu kutazama mechi, chukueni kalamu mfanye ile hesabu ya thumuni tatu kwa risiti za dukani za wiki hiyo. Mtaiona timu kwa macho mawili: la mpenzi na la mwenye mali.

Mwenye swali au rai tofauti aiandike na kuikabidhi kwa mhariri baada ya sala ya Ijumaa. Tutaisoma kwa heshima toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu